Nyuso za Mulombwa

Tirware ya pili, droo ya katikati ya kabati la jikoni, ndiyo ilianza kukataa. Ilikuwa asubuhi ya mvua, mwezi wa kumi na mbili, na Constance alitaka kijiko tu cha kukorogea uji wa watoto wa Madame. Alivuta, haikuja. Alivuta tena kwa mikono miwili, kabati lote likalia, tirware ikatoka upana wa kidole na kusimama hapo. Akasikia malapa ya Madame Bénie yanakuja. Akairudisha kwa kuisukuma na tumbo, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa mahali palipokuwa safi.

"Uko unapiga nini huko?"

"Ni sufuria, Madame. Ilianguka."

"Polepole na bintu ya bantu, Constance."

Madame alikuwa mdogo kwake kwa umri, lakini alimwita Constance, bila Mama mbele. Kule kwao Hewa Bora hata watoto wakorofi wa jirani walimwita Mama Abi, kwa jina la binti yake Abigaïl. Hapa Golf, mtaa wa matajiri, alikuwa Constance tu, na alishazoea kuitika.

Tirware zile zilikuwa tatu, moja juu ya nyingine, kando ya jiko la gesi, na fundi wake alikuwa mume wa Constance mwenyewe, Sylvain. Masanduku ya ndani aliyafanya kwa tripleksi, ile mbao nyembamba ya kugundishwa tabaka juu ya tabaka. Lakini Madame alipoona ukingo wa tripleksi, mistari mistari, alikunja pua. Alitaka mti. Mtu akiingia jikoni aone mti. Basi Sylvain akaambiwa aweke mbele ya kila tirware uso wa mulombwa, ubao mzito, mwekundu, unaong'aa ukipakwa verni. Na Madame alikuwa na masharti yake. Hakutaka kuona visi hata moja, ule msumari wa kuzungusha, mbele wala ndani, kwa sababu visi inashika kutu na kutu inakula vijiko. Na kati ya uso mmoja na mwingine hakutaka nafasi, kwa sababu mende wanapita kwenye nafasi.

Sylvain alizibandika nyuso kwa kole tu, gundi bila msumari, akazikaza kwa kamba za mpira mpaka ikakauka. Kati yao karatasi haikupita. Huo ulikuwa mwezi wa tisa, wakati vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya chumvi na midomo ya watu inapasuka kwa ukavu. Madame alifungua, akafunga, akafungua tena. "Bon," akasema. Kisha akamgeukia Constance, maana ni yeye aliyemleta fundi.

"Ni bwana yako. Siku ikiharibika, mi sitamutafuta yeye. Nitakutafuta wewe."

Constance alicheka siku ile, kwa heshima. Kazi za Sylvain zilikuwa zinakuja na kupotea. Hii ya Constance ndiyo iliyoweka ugali wa bukari mezani kila jioni, na watu wote wanne wa nyumba yao walilijua hilo, hata Abi.

* * *

Mama Honorine, mama mkwe wake, alikuwa amelala kwenye godoro lililowekwa chini, upande usiovuja. Nyuso zile za mulombwa zilitoka kwenye kitanda chake. Marehemu mume wake alikifanya mwenyewe wakati alipokuwa mtu wa reli kule Sakania, na kilisafiri nao kwa treni mpaka Lubumbashi kama mtoto wa nyumba. Mwezi wa tisa Sylvain alikosa mulombwa wa kununua, na Madame alikuwa anataja jina la fundi mwingine. Mama Honorine ndiye aliyesema, "Si kuko kitanda." Sylvain aliapa kumfanyia kingine kabla ya mvua. Mvua ilikuja, na Sylvain akaenda Kasenga kutengeneza mitumbwi ya mfanyabiashara mmoja wa samaki.

Constance alisimama chini ya bati la mlango, mahali ambapo simu inashika.

"Baba Abi, tirware ya Madame inakatala."

"Inakatala namna gani?"

"Haifunguke. Ya pili haifunguke kabisa. Ya tatu inafunguka nusu."

Nyuma ya sauti ya Sylvain kulikuwa na nyundo, na mtu anaimba vibaya.

"Ni mvua," Sylvain akasema. "Mbao inakunywaka hewa ya mvua, inavimba. Zote tatu ziko zinavimba, zinasukumana. Hapana kuvuta na nguvu."

"Ulisema ile ni mbao ya zamani, ilisha kukauka."

"Ilisha kukauka. Mi ningejua wapi kama itavimba tena? Paka mushumaa pembeni."

"Pembeni gani? Haifunguke. Nitapaka wapi?"

Nyundo zikapiga, zikaacha.

"Basi ungoje. Itarudi yenyewe."

"Itarudi lini?"

"Kukikauka."

"Sylvain." Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu wala gizani. "Kukikauka ni lini?"

"Mwezi wa tano hivi."

Constance aliangalia maji mekundu yanayopita katikati ya njia, yamebeba kiatu cha mtoto.

"Tuko mwezi wa kumi na mbili, Baba Abi."

"Najua. Lakini barabara ilikatika, hata gari za samaki hazipite. Ningekuwa karibu ningekuya na rabot yangu ya kukwangua mbao, ningezipunguza kidogo kidogo, kwisha."

"Na Madame akikuona na rabot, ungemwambia nini?"

"Voilà," Sylvain akasema, kama mtu aliyeshinda maneno. "Wewe mwenyewe unaona."

Alipoingia ndani, Mama Honorine alikuwa macho.

"Anasema nini?"

"Anasema mvua, Mama. Mbao ya kitanda yako iko inavimba."

Mama mkwe hakushangaa. Alijivutia blanketi. "Hata kitanda kilikuwa kinalia vile. Mvua ya kwanza ikianguka tu, ko, ko, ko, usiku muzima. Baba yake alisemaka: muache, iko anajinyoosha."

"Na Sylvain alikuwa anasikia?"

"Si alilala pale na sisi mpaka miguu yake inapita mwisho wa kitanda?"

Constance alienda kuweka beseni dogo chini ya tone jipya.

* * *

Siku Madame alipoenda kusuka nywele, Constance alitia ncha ya kisu kati ya uso wa pili na wa tatu, akakwangua, akavuta, akapumzika, akavuta. Mwishowe tirware zote zilifunguka. Kisu kiliacha mkwaruzo mweupe kwenye verni. Aliupaka mafuta ya mawese kwa kidole mpaka ukawa mwekundu kama ubao wote.

Alijaribu kupaka mshumaa pembeni, sasa alipoweza, lakini ubao haukuwa unakwama pembeni. Ulikuwa umenenepa juu na chini, nyuso zinabanana kama wanawake watatu kwenye benchi moja la kanisa. Na huko juu na chini angepunguza kwa kitu gani? Kwa kucha? Basi akafanya lile aliloweza. Alitoa kila kitu: vijiko vya wageni, uma, visu, vitambaa vya meza, kopo la viberiti. Akapanga vyote ndani ya beseni la buluu, akalificha chini ya sinki nyuma ya ndoo. Ndani ya tirware akatandika gazeti safi. Kisha akazifunga zote tatu, akazikaza kwa goti, na hakuzifungua tena.

Tangu siku hiyo aliishi hatua moja mbele ya Madame. Madame hajasema kijiko, kijiko kipo mkononi. Madame anageuka kutafuta kiberiti, moto umeshawaka. Madame akaanza kumsifu mbele ya rafiki zake kwenye simu. "Wangu mimi siku hizi hata siseme," alisema. "Anasikiaka ndani ya kichwa yangu."

Kalaba, mlinzi wa mlangoni, naye pia mtu wa Hewa Bora, alimtania jioni moja: "Mama Abi, siku hizi unatembea kama muntu mwenye kubeba mayai. Ni mimba?"

"Mimba na umri huu, Kalaba? Uko na bazimu."

"Mi nauliza tu. Nikupangie jina."

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa kitambaa cha kazi, alipitisha kiganja juu ya nyuso zile. Katikati zilikuwa zinajitokeza, kifua nje. Kwenye mshono wa uso wa pili, pale unaposhikana na tripleksi, palitokea ufa mwembamba wa kuingiza unywele. Kesho yake uliingiza ukucha. Alisukuma kwa kiganja, ukafunga. Alipotoa kiganja, ukafunguka. Alifikiria kumwambia Madame. Alilipanga neno lenyewe njiani, akilisema kwa midomo, na kila alipofika getini lilikuwa limeshabadilika na kuwa "Bonjour, Madame."

* * *

Siku ya bonane mama yake Gauthier, mume wa Madame, alikuja kula mwaka mpya kwa mwanawe. Aliitwa Mama Ntumba, mwanamke mnene, mcheshi, wa kuingia jikoni kwa watu bila kuuliza. Constance alikuwa ameshapanga meza tangu asubuhi, kila kijiko mahali pake, ili mtu yeyote asiwe na sababu ya kugusa kabati.

Mama Ntumba aligonga uso wa juu kwa kidole. "Ni mti huu," akasema. "Si ile karatasi ya kupaka rangi. Bénie, mwanangu, hapa ulifanya kazi. Fungua nione ndani."

"Mama, nikupatie kijiko?" Constance akasema. "Viko hapa."

"Sikuomba kijiko, mama. Nilisha kula na mikono tangu nizaliwe. Niko nataka kuona tirware."

Madame aliweka mkono kwenye ile ya pili, anatabasamu kwa mama mkwe wake. Akavuta. Tabasamu likabaki, mkono ukarudi. Akavuta tena.

"Iko nzito," akasema. "Ni sababu ya mti."

Gauthier aliingia na bilauri ya bia. "Ngoja. Wanawake hamujue kuvuta." Aliweka bilauri juu ya friji, akakanyaga chini ya kabati kwa kiatu chake kipya, akashika kwa mikono yote miwili.

"Papa Gauthier, tafazali, polepole," Constance akasema. "Tuanze na ya chini..."

Sauti yake ilikuwa ndogo, na watoto walikuwa wanapiga kelele. Kulisikika mlio kama nguo mpya inayopasuliwa. Gauthier akarudi nyuma na uso wa tirware mikononi, akapiga friji kwa mgongo, bilauri ikamwagika juu ya kichwa chake, akaketi sakafuni ameukumbatia ubao kama picha ya harusi.

Watoto walicheka. Mama Ntumba alicheka mpaka akashika kitambaa cha kichwa kisianguke. Madame alicheka pia, kisha akaacha, maana tirware isiyo na uso sasa ilikuwa wazi mbele yake na alikuwa ameona ndani. Aliivuta kwa kidole. Ilikuja bila taabu. Gazeti safi, limekunjwa vizuri kwenye pembe. Hakuna kitu.

"Vijiko viko wapi?"

Constance aliinama, akavuta beseni la buluu kutoka nyuma ya ndoo. Vitambaa vya meza alivyopewa Madame na wakwe zake vilikuwa juu, vimekunjwa.

"Mu beseni," Madame akasema. "Kama ku nyumba ya kilio. Tangu lini?"

"Tangu mvua, Madame."

"Basi ulijua."

"Madame, ni mbao njo ilivimba, Baba Abi alisema kukikauka..."

"Siulize juu ya mbao. Nakuuliza: ulijua?"

Gauthier alijipangusa shingo. Kama Constance angesema hapana, beseni lingesema ndiyo.

"Nilijua, Madame."

"Bénie, ni bonane," Mama Ntumba akasema, sasa bila kicheko. "Acha, itatengenezwa."

"Mama, muntu iko anaficha bintu ndani ya nyumba yangu. Lelo ni bijiko." Madame hakupandisha sauti. Alimwangalia Constance kidogo, akaangalia meza yenye watu wanaomngoja. "Maliza kwanza kuosha byombo. Kisha uende. Na ile mbao ya bwana yako, uibebe."

Constance aliosha vyombo vyote, vya mchana na vya keki. Aliosha hata bilauri ya bia.

Getini Kalaba alikuwa amevaa koti la mvua. Alitazama begi lake, akatazama ubao kichwani kwake, akatazama chini.

"Nisamehe, Mama Abi. Ni kazi. Hii nayo?"

"Wamenipa."

"Ngoja niulize kwanza."

Aliingia ndani kuuliza. Constance alisimama kwenye mvua, na mbao ya kitanda cha mama mkwe wake juu ya kichwa, akingoja ruhusa ya kuipeleka nyumbani.

* * *

Mama Honorine aliutambua kwa vidole kabla ya macho. Ulikuwa ubao wa upande wa kichwa. Palikuwa na tundu pale alipokuwa ametundika rozari yake miaka yote; Sylvain alikuwa ameliziba kwa unga wa mbao na kole. Mama mkwe alilikuna kwa ukucha mpaka likafunguka.

"Voilà," akasema. "Na bengine wawili?"

"Walibaki kule, Mama."

Sylvain alirudi mvua zilipopungua, na samaki wa chumvi ndani ya mfuko na maneno machache. Alishasikia yote kwa simu. Aliuchukua ubao, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango, akaugeuza. Nyuma yake, mahali pote palipopakwa kole, palishikilia ngozi ya tripleksi, tabaka zima limechunika.

"Ona," akasema. "Kole yangu haikuachia. Ni tripleksi njo iliachia."

Alimwonyesha mama yake. Alimwonyesha Abi, aliyekuwa anafanya hesabu za shule sakafuni. Alimwonyesha Constance, ambaye alikuwa ametoka kufua nguo za mke wa jirani na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa sabuni. Sylvain akausimamisha ubao ukutani, upande wa kole mbele.

* * *

Mwezi wa tano vumbi lilirudi. Jumapili moja Kalaba alipita kuwasalimu, akapewa kiti, akakaa nusu kama mtu anayedaiwa. Constance alikuwa anachagua maharagi kwenye sahani.

"Mama Abi, sikia ajabu. Zile tirware, sasa zinafunguka na kidole kimoja. Paf. Na Madame iko anasema musichana mupya iko na mukono muzuri, anajua kufungua." Kalaba alicheka, kisha akaona amecheka peke yake. "Ile yenye kukosa uso walitundika kitambaa."

"Na mende?" Constance akauliza.

"Mende zinaingia."

Sylvain alikuwa ameshasimama. Macho yake yalikuwa yamewaka kwa mara ya kwanza tangu Kasenga. "Si nilisema? Nilisema mwezi wa tano." Alichukua ubao ukutani, akaulaza juu ya magoti, akamwita Kalaba asogee. "Angalia. Uso haubandikwe, sikia. Unafungwa na visi, kutoka ndani. Lakini tundu ya tripleksi unaipanua, inapita unene wa visi, na unaweka rondele, kile kichuma cha mviringo, kusudi kichwa kisizame. Hapo mbao ikivimba, inaenda. Ikikauka, inarudi. Na juu unaacha nafasi kidogo. Baba yangu kitanda chake alikifungaka vilevile, iko inacheza, iko inalia, lakini haipasuke hata siku moja."

Vidole vya Constance viliacha kuchagua.

"Baba Abi."

"Ee?"

"Ulijua?"

Kalaba aliangalia njia.

"Madame alikatala visi," Sylvain akasema. "Ulikuwa pale, ulisikia. Akakatala na nafasi. Ningemwambia nini? Angeita ule fundi mwengine."

"Siulize juu ya Madame." Alisikia ni maneno ya nani yaliyotoka kinywani mwake, na hakuyarudisha. "Nakuuliza: ulijua?"

Sylvain aliugeuza ubao, akaugeuza tena. Ulikuwa umenyooka sasa, umerudi wembamba wake, hakuna ambaye angesema uliwahi kuvimba.

"Nilijua," akasema.

Alingoja. Constance aliinama juu ya sahani, akatoa jiwe dogo, akalitupa, akatoa lingine. Kalaba alisema anaenda, lakini hakuinuka. Kutoka ndani, kwenye godoro la chini, Mama Honorine akaita:

"Ni nani anakuya?"

"Ni Kalaba, Mama," Constance akajibu.

"Anasema nini?"

"Anasema kulikwisha kukauka."